Vijana na Ufundi wa Kuchanganya Muziki

Miongoni mwa mambo ambayo vijana wa Unguja na Pemba wanayafanya siku hizi kwa mapenzi yao, bila ya kutumwa na mtu wala kulipwa, ni kujifunza kupiga na kuchanganya muziki. Zamani mtu wa kazi hiyo tukimwita mpiga santuri. Wao wanamwita DJ. Wazee wengi hawalipendi jambo hili, na wapo viongozi wa mitaa wanaolitazama kuwa ni mlango wa uhuni. Sisi tunaona kwamba kabla ya kulihukumu inafaa kwanza lieleweke.

Santuri si jambo geni visiwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na sauti yake ikaenea mwambao mzima kwa njia ya santuri hizo. Mwenye gramafoni wa enzi zile, aliyewakusanya jirani zake barazani akaamua ipi ianze na ipi ifuate, alikuwa akiifanya nusu ya kazi ya DJ. Nusu ya pili, yaani kuziunganisha nyimbo mbili zikawa kitu kimoja, ilikuzwa zaidi na watu wa ng'ambo. Mwaka 1973 huko Bronx, New York, kijana aliyehamia kutoka Jamaika, anayejulikana kwa jina la Kool Herc, alipata sifa kwa kutumia mashine mbili kukirefusha kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikipenda kuliko wimbo wenyewe. Kutokana na karamu za mtaani kama hizo ukazaliwa muziki ambao leo unasikika duniani kote.

Je, kijana huyu anajifunza nini hasa? Kwanza anajifunza kuhesabu. Kila wimbo una mapigo yake kwa dakika, na nyimbo mbili zenye mapigo tofauti zikipigwa pamoja hugongana kama wapiga ngoma wasioelewana. Lazima mmoja uharakishwe au upunguzwe mwendo hadi ulingane na mwenziwe, huku anausikiliza ule unaokuja kwa kisikilizio cha sikioni kabla ya hadhira kuusikia. Kisha ajue pa kuingilia, kwani wimbo una mafungu yake, na mwenye kuukata katikati ya fungu huonekana mara moja kuwa ni mwanagenzi. Tena aipunguze besi ya wimbo mmoja anapoipandisha ya mwengine, maana besi mbili kwa wakati mmoja ni vurugu tupu.

Watu husema kwamba siku hizi mashine inafanya yote hayo kwa kubonyeza kitufe. Ni kweli kwa muziki uliotengenezwa kwa kompyuta, ambao mapigo yake hayayumbi. Lakini mchukue kijana huyo, mpe taarab ya zamani ya Ikhwani Safaa au Culture Musical Club, au kidumbak cha harusini, kisha umtazame. Wale walikuwa watu wakipiga kwa mikono yao: mwendo unakaza mwimbaji anapopata moto, unalegea fidla inapoingia, na utangulizi wa ala huenda ukachukua dakika kadhaa kabla ya neno la kwanza. Hapo kitufe hakimfai kitu. Itambidi arudi kwenye sikio lake, aurekebishe mwendo kidogo kidogo kwa kidole wakati wote, na aujue wimbo ule tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa maneno mengine, DJ anayetaka kuupiga muziki wa visiwani analazimika kuusoma, na huo ni usomaji ambao hatujauweka katika darasa lolote.

Wenzetu wa Dar es Salaam wametangulia. Singeli, iliyokulia katika mitaa kama Manzese na Tandale, ilianza kwa vijana kukata vipande vya ala za taarab, kuvizungusha, na kuvikimbiza hadi kupita mapigo 200 kwa dakika. Kasi hiyo inatuchosha sisi wa umri wetu, lakini tusisahau mali ghafi imetoka wapi. Mwaka 2017 santuri ya mkusanyiko wa singeli ilitolewa Kampala na ikasikilizwa mpaka Ulaya, na baada yake vijana hao wakaalikwa kupiga huko.

Hata hivyo tunawasihi wakubwa wasikimbilie kuligeuza jambo hili kuwa mradi wa ajira. Wengi watabaki kuwa wapenzi tu, kama wavuvi wa mshipi wa siku ya mapumziko, na hakuna ubaya wowote. Gharama yenyewe si ya kutisha: kompyuta ya mtumba inatosha kuanzia, na ipo programu ya bure iitwayo Mixxx.

Lalamiko la kelele ni la haki. Shirika la Afya Duniani linasema sikio linaweza kustahamili desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 muda huo unashuka hadi saa nne. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza sauti katika kumbi isizidi wastani wa desibeli 100. Mgonjwa na mtoto mchanga wana haki yao, na adhana haishindani na spika. Lakini makosa haya ni ya wenye kukodi mitambo mikubwa na wanaowaruhusu kuipiga hadi usiku wa manane. Mwenye kujifunza ndani kwa kisikilizio hasikiwi hata na ndugu yake wa chumba cha pili, na wala hakuna sababu ya kumwandama.

Liko pia suala la wasichana. Katika shughuli zetu za harusi wanawake hukaa peke yao, na mara nyingi mwanamume hana nafasi ya kuingia humo kupiga muziki. Basi msichana anayeijua kazi hii anahitajika visiwani kuliko mvulana, na bado ndiye anayekatazwa zaidi.

Shirika la Utangazaji Zanzibar limerithi kanda za taarab za miaka mingi, tangu enzi za Sauti ya Unguja. Tunashauri sehemu ya hazina hiyo ifunguliwe kwa vijana kwa utaratibu maalumu: kwa mazoezi ruhusa iwe nyepesi, na kwa kuuza au kutangaza haki za watunzi na warithi wao zilindwe kama inavyotaka Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Wizara inayohusika na vijana nayo itenge chumba kimoja katika kila wilaya, chenye kompyuta, mashine na visikilizio vichache, na siku zake maalumu kwa wasichana. Humo aitwe mara kwa mara mzee mmoja wa taarab, awaambie vijana ni nani aliyepiga kanuni katika kanda ile, na wimbo ulitungwa kwa sababu gani.