Alama Inayoachwa na Mwalimu Anayekosekana

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya. Kwa miaka mingi alama yake ilihesabiwa katika gredi ya wastani ya kila mtahiniwa wa KCSE, awe ametoka Lamu au Mandera. Mwaka 2023 kanuni hiyo ilibadilishwa. Huhesabiwa sasa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, pamoja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa ameyafanya vyema zaidi.

Mpenzi wa Kiswahili huenda akahisi kwamba lugha ya taifa imeshushwa hadhi. Hata hivyo, ni vyema suala hili litazamwe kutoka Garissa, ambako mtoto huzungumza Kisomali nyumbani, husoma Kiarabu katika chuo cha Kurani, kisha hukabiliwa na Kiingereza na Kiswahili darasani. Chukua mfano wa mtahiniwa aliyepata pointi 5 katika Hisabati, 9 katika Kiingereza, 4 katika Kiswahili, 6 katika Biolojia, 6 katika Kemia, 8 katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, 7 katika Jiografia na 7 katika Masomo ya Biashara. Kwa kanuni ya zamani angejumlishiwa pointi 45, ambazo ni gredi ya C. Kwa kanuni mpya Kiswahili huachwa, somo lenye pointi 7 hushika nafasi yake, na jumla huwa 48. Hiyo ni C+, gredi inayofungua mlango wa chuo kikuu. Ni dhahiri kwamba hakuna mzazi wala mwalimu mwenye busara atakayemlaumu mtahiniwa huyo.

Hata hivyo, alama inayoachwa haipotei bure. Anayetaka kusajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, kufundisha Kiswahili katika shule ya upili, sharti awe na C+ katika somo lenyewe. Kwa hivyo, mtahiniwa wa mfano huu ataingia chuo kikuu, lakini hatarudi Garissa akiwa mwalimu wa Kiswahili. Hasara hiyo si ndogo. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika kaunti ya Garissa, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka eneo la Kaskazini Mashariki. Madarasa yakabaki matupu, na somo lililokosa walimu wenyeji likabaki bila mtetezi. Mwanafunzi asiyefundishwa hupata alama duni. Alama duni huachwa. Na aliyeiacha hawezi kuwa mwalimu wa yule anayemfuata.

Dawa ya mzunguko huo si kurejesha shuruti ya zamani, kwa maana shuruti haikuwahi kumpeleka mwalimu hata mmoja Wajir. Aidha, KCSE yenyewe inaelekea ukingoni. Watahiniwa wake wa mwisho ni wa mwaka 2027. Kanuni za kuhesabu alama zitapita, lakini upungufu wa walimu utabaki iwapo hautashughulikiwa. Vijana wachache wa Garissa, Wajir na Mandera wanaofaulu Kiswahili wanastahili kutafutwa mapema, wafadhiliwe, na wasomee ualimu karibu na kwao. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichojengwa juu ya msingi wa chuo cha ualimu, kiko mahali pake kwa kazi hiyo. Nao wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kuandika vitabu vya kiada vinavyomzingatia mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne.

Mwanafunzi aliyefundishwa lugha zote mbili sawasawa, kisha moja ikamletea alama bora, amepewa hiari. Yule ambaye darasa lake halikuwa na mwalimu wa Kiswahili hakuchagua chochote. Alichaguliwa na uhaba.