Vitabu Vyetu Vikiitwa Kwenye Filamu

Mwezi wa Juni hapa Karatu ni wa baridi. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukafunika mashamba ya kahawa ya Oldeani, ukafika mpaka barabara kuu, na ikitimia saa kumi na mbili jioni watu hujibanza migahawani wameshika vikombe kwa mikono miwili. Jioni moja ya namna hiyo nilikaa meza moja na mama mmoja aliyestaafu ualimu. Akaingia kijana anayeongoza watalii, akamwamkia shikamoo, akaketi. Akatusimulia kwamba nyani walimzonga pale lango la Lodoare wakitaka ndizi za wageni, naye akawakumbuka manyani wawili wa kitabu alichosoma shuleni, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert.

"Mwalimu," akasema, "hadithi ile ikichezwa filamu, nchi nzima itatulia kutazama."

Yule mama akaweka kikombe chini. "Wataiharibu, mwanangu. Wataleta manyani, na huruma ya Adili wataiacha."

Nilirudi nyumbani na maneno ya wote wawili, na leo nataka kuyasema mbele yenu, maana najua wapo wengi wanaopenda vitabu vya maajabu na ambao moyo huwapasuka vipande viwili wakisikia tetesi kwamba kitabu fulani kitafanyiwa filamu. Kipande kimoja hufurahi. Kingine huogopa kama mzazi anayemtuma mtoto mjini kwa mara ya kwanza.

Hofu hiyo naijua tangu utoto. Nililelewa na bibi katika nyumba ya zamani ya Kiiraqw, ya aina ile iliyochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo, kiasi kwamba mgeni aliweza kutembea juu ya paa asijue. Moto ukibaki makaa, bibi alitusimulia habari za zimwi. Hakusema lina macho mangapi wala linatembeaje. Alisema tu linakuja. Asubuhi, tukiwa machungani, tulibishana mpaka tukakaribia kupigana: la kaka yangu lilikuwa na jicho moja, la dada yetu halikuwa na uso kabisa, langu lilikuwa na miguu ya fisi. Bibi alikuwa na hadithi moja, nasi watoto watatu tulikuwa na mazimwi matatu, na kila mmoja alilala na lake. Sasa filamu ikija, italeta zimwi moja kwa wote, lenye pembe zilizohesabiwa, na kesho yake hakuna atakayeliona lake tena. Anayewaambia wapenzi wa vitabu kwamba hofu yao ni ya kitoto hajawahi kunyang'anywa zimwi lake.

Na ushahidi upo. Wazee wetu walisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, ambamo Sir Henry Curtis anamtafuta ndugu yake aliyepotea. Filamu ya mwaka 1950, iliyopigwa katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, ilimwondoa kaka anayemtafuta ndugu, ikaweka mwanamke anayemtafuta mumewe, ili mapenzi yapate nafasi. Riwaya ya Philip Pullman ya mwaka 1995, Northern Lights, ilipofanywa filamu mwaka 2007, ukali wake juu ya viongozi wa dini ulipunguzwa na sura za mwisho zikakatwa. Vitabu viwili vilivyofuata havikufika sinema.

Lakini kisa kinachoniuma zaidi ni cha Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1968 alibuni funguvisiwa la Earthsea, na kwa makusudi kabisa akamfanya shujaa wake, Ged, mtu wa rangi ya kahawia iliyokolea wekundu, na rafiki yake mpenzi akawa mweusi. Wakati ule watoto weusi walikuwa hawajioni katika vitabu vya wachawi na mazimwi. Mwaka 2004 hadithi ikaletwa kwenye televisheni, na Ged akawa mzungu. Mwandishi alikuwa hai, akalalamika hadharani, lakini mchezo ulikuwa umekwisha kupigwa. Fikiri, ndugu yangu: mtu ameweka uso wako katika hadithi miaka zaidi ya thelathini kabla, kisha mwingine anakuja kuufuta kwa sababu anadhani watazamaji hawataupenda.

Kwa hiyo mwalimu wetu ana haki. Je, kijana hana?

Anayo, tena kubwa. Hapa mjini vitabu vya hadithi ni vichache kuliko viatu vya mtumba siku ya mnada. Shuleni tulisoma kitabu kimoja watu wanne, tukipokezana kurasa. Vijana wengi wanaojaa mabanda ya video hawajawahi kufungua riwaya baada ya mtihani wa mwisho, lakini wanaweza kukaa saa mbili wakimsikiliza mtafsiri anayeipa filamu ya Kichina sauti ya Kiswahili, akiongeza misemo yake na majina ya mitaa yetu. Watu hao wana njaa ya hadithi. Tukiwanyima Adili kwa kuwa tunaogopa ataharibiwa, tutakuwa tumemfungia kabatini pamoja na mende.

Na si kila filamu huharibu. Kitabu cha J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, kilichotoka mwaka 1954 na 1955, kilifanywa filamu tatu kati ya 2001 na 2003. Tom Bombadil, mtu wa msituni anayependwa mno na wasomaji, hakuonekana hata kidogo. Walinung'unika, wakasamehe, kwa sababu kiini hakikuguswa: watu wadogo, wapenda chakula na bustani zao, wanabeba mzigo ambao wakubwa wangeushindwa. Nasi tunao mfano wa nyumbani. Vuta N'kuvute si hadithi ya maajabu. Ni riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 kuhusu Zanzibar chini ya Waingereza. Amil Shivji alipoifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, niliitazama nikiwa nimekaza meno. Riwaya ni ndefu na ina watu wengi. Filamu imechagua, imeacha. Lakini Yasmin na Denge wanazungumza Kiswahili, mapenzi yao hayatengani na harakati za kudai uhuru, na sikusikia aibu kwa niaba ya mwandishi. Inawezekana, basi.

Nije sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi wa huku juu. Atakayetaka kupiga filamu ya maajabu atakuja Ngorongoro, nina hakika kama nilivyo na hakika ya jua. Bonde la kreta lenye kilomita za mraba zipatazo 260, kuta za mita 600, mawingu yanayomwagika ukingoni kama maziwa yaliyochemka. Na kule karibu na Oldupai, ule mchanga mweusi wa majivu ya volkano unaohama mwaka hadi mwaka ukisukumwa na upepo, ambao Wamaasai huuheshimu. Nani atapita asitamani? Wamekwisha kuja wengi. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu yao ya Serengeti, nayo ikapata tuzo ya Oscar. Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na kaburi lake lipo ukingoni mwa kreta. Wamarekani walikuja kaskazini hii na John Wayne, wakatengeneza Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Waliichukua nchi, wanyama, hata neno letu la Kiswahili likawa jina la filamu. Hadithi haikuwa yetu.

Na mwaka ule ule wa 1962 ndio aliofariki Shaaban Robert.

Huwa nayawaza sana mambo hayo mawili ya mwaka mmoja. Nchi yetu ikienda kwenye sinema za dunia bila maneno yetu, na mtu aliyekuwa na maneno akizikwa Tanga. Ndiyo maana nawasihi watengenezaji filamu wetu, vijana wa Arusha, wa Dar es Salaam, wa Unguja: msije mkafanya kosa hilo kwa mikono yenu. Chukueni Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951. Ni nchi inayoelea angani. Mtasimama ukingoni mwa kreta alfajiri, mtaona mawingu chini ya miguu yenu, mtasema, "Tumeipata!" Hapana, hamjaipata. Kusadikika ni mtu anayeitwa Karama, amesimama mahakamani kwa sababu alitaka kufundisha sheria, akijitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata juu na chini, wakarudi na mema ya kuifaa nchi yao, wakatupwa gerezani. Maajabu ya kitabu kile yamo katika mdomo wa mshitakiwa. Mkionyesha mawingu mkakata utetezi, mmepiga filamu ya hali ya hewa.

Kateni mnachotaka kukata. Unganisheni sura, ondoeni mtu, badilisheni mwezi uwe jua. Sisi wasomaji tujifunze kuvumilia hayo, maana kamera si kalamu, na mpenzi wa kitabu anayedai kila ukurasa huwachosha hata wanaomuunga mkono. Ila jueni kitabu kinamtetea nani na kinamshitaki nani, na msikigeuze. Na lugha ile, yenye mizani na upole, msiibadilishe kwa Kiswahili cha matangazo ya sabuni.

Nasi wapenzi wa vitabu, tusingoje filamu itoke ndipo tupige kelele. Malalamiko ya Le Guin yalikuwa ya haki, lakini hayakumrudishia Ged rangi yake. Sauti ya msomaji ina nguvu kabla. Walimu, wasomeeni watoto kwa sauti, si kwa ajili ya maswali ya mtihani. Wazazi, mkinunua kilo ya sukari ulizeni na bei ya kitabu. Mtoto aliyekwisha kuwaona manyani wake mwenyewe hatanyang'anywa na skrini yoyote. Atakaa mbele yake akipima, kama mwenye duka anavyopima noti mwangani.

Siku chache baadaye kijana yule alileta nakala yake, imechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti pale pale mgahawani, polepole, wapishi wakisikiliza kutoka jikoni. Alipofika kwenye manyani, mtoto wa mwenye mgahawa akauliza wana rangi gani.

"Wewe unawaonaje?" mwalimu akamuuliza.

Mtoto akafumba macho. "Mmoja ni mkubwa," akasema, "na mwingine amekatika sikio."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusoma.