Sahani za santuri si takataka

Watu wa Marereni wanaijua kazi ya jua: hukausha maji ya bahari mabwawani, chumvi ikabaki. Lakini jua lilo hilo, likiipata sahani ya santuri dirishani, huipinda isichezeke tena.

Twasema haya kwa kuwa sahani nyingi zatupwa majumbani kwa hoja kwamba zina makelele. Hoja hiyo haina msingi. Sauti ya sahani imechongwa katika mfereji mwembamba, na sindano hupita humo ikitikisika kama sauti yenyewe ilivyotikisika. Vumbi likiingia, sindano hukwaruza. Makelele basi ni ya vumbi letu, si ya mwimbaji. Ikisafishwa, sauti hutoka nene na tulivu, na udi ukasikika uzi kwa uzi.

Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Sahani za wakati ule zilikuwa za lakiri. Zikianguka huvunjika, na upande mmoja ulichukua kama dakika 3 tu. Baadaye zikaja za plastiki, na huko Mombasa duka la Assanand likatoa taarab kwa chapa ya Mzuri. Zipo nyimbo humo ambazo hazikutolewa tena. Sahani ikipotea, huenda na sauti imepotea.

Simu zina faida zake, nasi hatuzipingi. Bali wazee walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Ewe mwenye sahani, isimamishe wima kivulini, ipanguse kwa kitambaa laini, kisha mwite kijana airekodi kwa simu hiyo hiyo.