Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Mimi nina neno linalonikera rohoni. Katika mradi wetu wa sayansi tulibandika grafu maridadi ya mvua. Jaji akauliza, "Nani amechora?" Tukajibu vifua mbele, "Ni sisi!" Uongo mtupu! Ilichorwa na programu ya kompyuta iitwayo matplotlib. Sisi tuliingiza tarakimu tu.

Programu hiyo iliundwa na Mmarekani John Hunter, aliyekuwa akichunguza ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Aliitoa mwaka wa 2003, bure bilashi. Wanaoitunza huomba hivi: ukichapisha utafiti, taja makala yake ya mwaka wa 2007. Hunter alifariki mwaka wa 2012.

Wengine husema eti, "Mbona kalamu haitajwi?" Jameni! Kalamu haihesabu. Programu huhesabu, na toleo moja laweza kuchora tofauti na lingine. Ukiitaja pamoja na toleo lake, msomaji ataweza kurudia kazi yako na kuikagua. Usipoitaja, atakuamini vipi?

Tukinakili insha, mwalimu hutukata alama. Basi na michoro iwe vivyo hivyo! Mimi nimeanza: chini ya ile grafu yetu sasa pana jina la matplotlib. Na wewe je?