Kisichokatazwa Hakijaruhusiwa

Kwenye baraza za mtaa wa Buyenzi, hapa Burundi, ubishi ukipamba moto, uwe wa karata, wa mpira au wa siasa, kuna kauli inayomnyamazisha kila mtu: kisichokatazwa kimeruhusiwa. Anayeitamka huonekana mwerevu; anayeipinga huonekana hajui kusoma. Mimi naipinga. Ni kauli yenye sumu, hasa pale ambapo sheria za mchezo zimetungwa na wachezaji wenyewe.

Watazame watoto wa karitie wakicheza mpira barabarani. Refa hawana. Lango ni mawe mawili, na kabla ya kuanza wanapatana: kona tatu ni penalti, mpira ukivuka ukuta anaufuata aliyeupiga. Mmoja akigundua kwamba upana wa lango haukutajwa, akayasogeza mawe ya upande wake kwa mguu, wenzake wanaushika mpira: hatukupatana hivyo. Wanabishana, wanapima hatua tano, mawe yanarudishwa, mchezo unaendelea. Aliyeuona mwanya hakula matunda yake.

Wapo watakaonitajia Barbados. Januari 1994, katika kombe la nchi za Karibi, bao la dhahabu la muda wa nyongeza lilihesabiwa mawili. Barbados walipaswa kuishinda Grenada kwa tofauti ya mabao mawili. Wakiongoza 2–1 dakika za mwisho, wakajifunga makusudi ili wafike muda wa nyongeza, wakashinda 4–2 na kusonga mbele. Siwalaumu. Sheria ile waliletewa na waandaaji. Hawakuketi na Grenada wakaitunga, kwa hiyo hawakumsaliti mtu.

Sisi Warundi hatuna udhuru huo. Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitungwa na wachezaji wenyewe, Wahutu na Watutsi, serikali na vyama, huku makaburi ya vita yakiwa bado mabichi. Walipatana kwamba rais asizidi mihula miwili. Katiba ya 2005 ikaweka kifungu cha 96: rais huchaguliwa na wananchi kwa miaka mitano, na anaweza kurudi mara moja. Kifungu cha 302 kikaruhusu, kwa mara ile tu, rais wa kwanza achaguliwe na bunge. Machi 2014 mswada wa kuibadili katiba ulihitaji kura 85 kati ya 106, ukapata 84. Mlango wa muhula wa tatu ukafungwa kwa kura moja.

Ndipo ukatafutwa ufa baina ya vifungu viwili: muhula uliotolewa na bunge usihesabiwe, ili rais agombee tena. Mei 2015 Mahakama ya Katiba ikakubali, ilhali makamu wa rais wake, Sylvère Nimpagaritse, ameikimbia nchi akikataa kutia saini. Mitaa ya Musaga na Cibitoke ikaona damu, na mamia ya maelfu ya Warundi wakawa wakimbizi. Novemba 2021 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikatamka kwamba uamuzi ule ulikiuka sheria. Kwa waliokwisha kuzikwa, haki hiyo ilichelewa.

Wanasheria hunijibu: nia haionekani, maandishi yanaonekana, tukiifuata nia, mwenye nguvu ataitafsiri apendavyo. Ni hoja nzito. Lakini nia ya Arusha iliandikwa, na wengi walioketi mezani walikuwa hai, wangeweza kuulizwa. Tulichokosa ni kanuni waliyo nayo watoto: mwanya ukionekana mchezo usimame, wote waamue, na aliyeuona asiuvune katika mzunguko huo.

Katiba ya 2018 imeleta muhula wa miaka saba. Nayo ina nyufa zake, kama kila kilichoandikwa na binadamu. Kalamu ya wanasheria haitaziziba zote. Kwa hiyo, siku mtu atakaposimama barazani kutuonyesha ufa mpya, tusikimbilie kumuuliza kifungu gani kinakataza. Tumuulize tulipatana nini.