Dosie ya mtoto ifungwe kabla ya kuingia ndani ya mashine

Muhumba, Bukavu. Tangu tarehe 13 Machi 2023, nchi yetu iko na Code du numérique. Serikali inataka makaratasi yake yatoke kwenye makabati, yaingie ndani ya ordinateri. Hakuna mchimbaji atakayelilia kabati. Tunajua uchungu wa kusafiri toka Kamituga ao Misisi, kufika mjini na kuambiwa: "Dosie haionekani, rudi juma ijayo."

Lakini kuna dosie moja ambayo kupotea kwake kulikuwa kunasaidia watu: ile ya mtoto aliyepita mbele ya juji. Kwenye karatasi, vumbi linaifunika. Baada ya miaka kumi hakuna anayeitafuta. Mashine yenyewe haisahau. Unaandika jina, inatoka kwa dakika moja. Basi swali la kuuliza leo, mbele mashine hazijafika kwenye kila tribinali, ni hili: nani atakuwa na ufunguo?

Tuangalie kwanza sheria yetu, juu wengi hawaijui. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inasema mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kubebeshwa kosa mbele ya juji. Wa miaka 14 mpaka 18 anapelekwa kwenye tribinali ya watoto, hapana kwenye tribinali ya wakubwa. Kule hapewi malipizi kama mtu mkubwa. Juji anachukua hatua: anamkaripia, anamrudisha kwa wazazi, ao anamweka mahali pa kumlea na kumfundisha. Kesi inasikilizwa mlango ukiwa umefungwa.

Mlango unafungwa kwa sababu gani? Ili kosa la utoto lisimfuate mtu ukubwani. Kanuni za Beijing, ambazo Umoja wa Mataifa ulikubali mwaka 1985, zinasema wazi: dosie ya mtoto ni siri, watu wa inje hawana ruhusa ya kuisoma, na haitumiwi kumhukumu akiwa mkubwa. Kongo iliweka pia sahihi yake kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto. Sasa, kufunga mlango siku ya kesi halafu kuacha dosie wazi ndani ya mashine, ni sawa na kuziba shimo kwa majani.

Sisi wa migodi inatugusa zaidi. Chukua kijana wa miaka 15 anayeshikwa na mfuko wa mawe ndani ya konsesyo ya sosiete. Anapita kwa juji, anarudishwa kwa mama yake anayetwanga mawe. Akifika miaka 20 anatafuta kazi ya kweli. Wanaombaka nini? Casier judiciaire, na karatasi ya komine inayosema uko mtu wa mwenendo muzuri. Kama mtu wa ofisi anaweza kufungua dosie ya zamani na kunong'oneza, kazi imekwisha. Kijana anarudi kwenye shimo, ao anafuata wenye bunduki porini. Na sisi wote tunajua nani analipa bei ya hapo.

Inchi zingine zilishapita njia hii. Afrika Kusini, sheria ya watoto ya 2008 inaruhusu kufuta kumbukumbu hiyo baada ya miaka mitano ao kumi, kulingana na uzito wa kosa, lakini mtu mwenyewe ndiye anapaswa kuomba. California, kule Marekani, tangu 2015 juji mwenyewe anafunga dosie ya kijana aliyemaliza vizuri muda wake wa kuangaliwa, isipokuwa makosa fulani mazito. Kijana hatembei na fomu. Tena jirani zetu wa Kenya walianza kupeleka kesi kwa mashine Nairobi mwezi wa saba 2020, na mwaka 2024 waliieneza kwenye tribinali zote. Kwa hiyo mashine si ndoto ya mbali.

Kati ya njia hizo, sisi tunachagua ile ya juji kufunga mwenyewe. Maombi kwa intaneti ni mazuri kwa mwenye simu nzuri, rezo na makuta ya avoka. Mama wa Nyabibwe atajaza fomu hiyo wapi? Haki inayohitaji cyber ni haki ya mjini.

Wengine watasema tunaficha wezi. Hapana. Aliyeibiwa anabaki na haki ya kurudishiwa mali yake. Juji anabaki na ruhusa ya kufungua dosie kama kuna sababu kubwa, na anaandika sababu hiyo. Anayezuiwa ni patron, mwanasiasa, na jirani mwenye chuki.

Tunaomba basi mambo matatu. Moja, dosie ya mtoto isiingizwe ndani ya mashine bila kufuli lake. Mbili, ijifunge yenyewe akifika miaka 18 na hatua ya juji ikiwa imekwisha, bila makuta. Tatu, mashine iandike jina la kila mtu aliyeifungua, ili anayeuza siri ajulikane.

Na sisi wazazi tuko na kazi yetu. Tuandikishe mtoto kwa état civil ndani ya siku 90 za kuzaliwa, ni bure. Mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa anaweza kuhesabiwa mkubwa akishikwa, akapelekwa kwa juji wa wakubwa. Hapo kufuli lote tunaloomba halitamsaidia, juu dosie yake itakuwa imewekwa kwenye kabati lingine.