Barua ya wazi kwa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda: njia ya Kivu ibaki ya miguu na baiskeli

Mheshimiwa Ofisa Mtendaji Mkuu,

Nakusalimu kutoka Bukoba. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa ule mgongo wa milima ulio juu ya Ziwa Kivu huteremka hadi Nyabarongo, ikawa Akagera, na mwisho huingia Ziwa Viktoria, kaskazini mwa mji wetu. Inayonyesha upande wa pili huingia Kivu, ikashuka na Ruzizi hadi Tanganyika na kuishia mto Kongo. Mgongo huo ndio ulioipa njia yenu jina, Congo Nile Trail, na njia hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa tangu 2017 ni lugha rasmi kwenu pia.

Ombi langu naliweka mbele mapema. Kipande cha kaskazini cha njia hiyo, kutoka Rubavu kupitia Kinunu hadi Karongi, kisigeuzwe polepole kuwa barabara ya magari. Kibaki cha wenye miguu na wenye baiskeli, na kilindwe kwa kanuni iliyoandikwa, si kwa bahati ya ubovu wake.

Nilikipita Julai, peke yangu, mizigo miwili kwenye keria na pampu mfukoni. Ukishaacha nyuma kiwanda cha bia na chemchemi za maji moto za Nyamyumba, njia inakuwa ya udongo, nawe unaanza kuuelewa mwambao wa Kivu. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, na kando yake hakuna tambarare. Nchi kavu imekatika vipande, rasi na ghuba, rasi na ghuba, na njia hupanda kila rasi na kushuka kila ghuba. Kwa siku nzima gia yangu ndogo haikupumzika. Lakini sijawahi kuendesha mahali ambapo uchovu unalipwa haraka kiasi kile. Unafika juu ukihema, maji yametanda chini yako hadi milima ya Kongo, mashamba ya kahawa yanateremka hadi ufukweni, na watoto wanakuitia "Komera!" kutoka kwenye migomba ambamo huwaoni.

Jioni ya kwanza nilikaa juu ya kilima karibu na Kinunu nikawasikia wavuvi wa samaki waitwao sambaza wakitoka. Hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa, miti mirefu imenyooshwa mbele na nyuma, na hupiga kasia kwa wimbo. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia. Walikuwa mbali sana, taa zao ndogo kama punje, na bado niliweza kutenganisha sauti ya anayeanzisha na sauti za wanaojibu. Niliwasikiliza mpaka giza likaingia kabisa, na muda wote huo haikupita injini hata moja. Ukimya wa namna hiyo ni mali ya nchi sawa na kahawa ile.

Siku ya pili, kwenye mteremko, nilimkuta mtu anashusha mikungu minne ya ndizi kwa baiskeli. Breki zake zilikuwa zimekufa, hivyo alizuia gurudumu la nyuma kwa soli ya kandambili, na soli ile ilikwishachimbika mfereji kwa kazi hiyo. Mimi natoka nchi ya ndizi, ninajua uzito wa mkungu. Tulikwenda pamoja, yeye akinionyesha wapi udongo unateleza na wapi nishuke nisukume. Njia ilikuwa nyembamba, imeshindiliwa ngumu na nyayo za miaka mingi, na sote wawili tulitosha.

Mbele kidogo tulifika mahali ilipokuwa imechongwa karibuni na kupanuliwa. Hapo, kwenye kona, ilitokea pikapu. Mwenzangu aliitupa baiskeli kwenye kingo ili yeye mwenyewe asigongwe. Mkungu mmoja ulikatika, ndizi zikabingirika hadi chini ya miti ya kahawa. Gari halikusimama. Tulipokuwa tunaziokota aliniambia, "Hapo nyuma, mzee, huku gari tulikuwa tunalisikia kwa mbali tu, kule juu." Alisema bila hasira, akipangusa udongo kwenye ndizi moja moja, maana ndizi iliyochubuka sokoni hainunuliwi.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku hiyo. Dereva yule ana lawama yake, lakini njia yenyewe ilikuwa imemkaribisha. Ukiipanua njia mita mbili, umeshaamua nani ataitumia. Na kwa kawaida uamuzi huo haufanywi na mtu yeyote mezani. Hufanywa na mashine ya kuchonga barabara, kipande kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao, hadi siku mnayoshtuka kwamba njia mliyoitangaza kwa dunia imekuwa vumbi la magari.

Kusini mmekwisha kuona mfano wake. Njia nzima ni kilometa 227, lakini kutoka Karongi kwenda Rusizi sehemu kubwa mwendeshaji sasa yuko juu ya lami ya barabara kuu ya Kivu. Simpingi aliyeijenga. Lami ile imefungua masoko na hospitali, na mgonjwa wa Nyamasheke hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya starehe ya mtalii. Ila kaskazini mambo ni tofauti. Barabara kuu imepita juu, mbali na maji, na vijiji vinaweza kufikiwa kwa matawi yanayoshuka kutoka huko. Gari la wagonjwa litashuka kwa tawi. Njia inayopita kando ya ziwa kijiji hadi kijiji haihitajiki kwa magari, inahitajika kwa mwanafunzi, kwa mama anayepeleka kahawa kwenye kituo cha kuoshea, na kwa rafiki yangu wa ndizi.

Niruhusu nikutajie Keswick, mji mdogo wa milima na maziwa kaskazini mwa Uingereza. Reli iliyotoka hapo kwenda Penrith ilifungwa mwaka 1972, na kipande cha kilometa tano hivi, hadi kijiji cha Threlkeld, kikawa njia ya miguu na baiskeli kando ya mto Greta. Tarehe 5 Desemba 2015 mafuriko ya kimbunga Desmond yaliyachukua madaraja yake mawili. Kwa njia fupi kiasi hicho, isiyopitisha gari hata moja, mtu angetarajia waiache. Waliijenga upya. Hata handaki la zamani, lililokuwa limefukiwa miaka ya 1970 barabara kuu ilipojengwa, walilifukua, na Desemba 2020 njia ikafunguliwa tena. Wao walirithi tuta la reli, lenye mwinuko wa taratibu. Rwanda haikupata reli, kwa hiyo njia yenu imechorwa na miguu ya watu juu ya vilima vilivyo vikali zaidi. Ikipotea, hakuna tuta litakalobaki chini kuwakumbusha ilipokuwa.

Kuhusu baiskeli, ninyi hamhitaji kufundishwa. Kigali imekuwa ikifunga barabara zake kwa magari baadhi ya Jumapili tangu 2016, na watu wakatoka na watoto wao wakatembea katikati ya lami. Septemba 2025 mji huohuo ulipokea ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani, mara ya kwanza katika Afrika. Nilitazama wanaume wakipanda vilima vile kwa kilometa 267.5 na nikajivunia kama jirani. Lakini mashindano hayo yalidumu wiki moja. Njia ya Kivu iko wazi kila siku, na anayeipita si bingwa. Ni mwalimu wa likizo, ni mke na mume wenye mahema, ni mimi mwenye magoti ya miaka 56. Mtu wa namna hii huenda polepole, kwa hiyo hulala njiani, hula njiani, na pancha yake huzibwa na kijana wa kijijini. Akipita na gari angenunua maji ya chupa na kuendelea.

Kwa hiyo naomba wapimaji wenu waipite njia hii kwa miguu kabla ya msimu ujao wa kuchonga barabara, waweke alama mpya pale za zamani zilipoanguka, na kila mahali tawi la gari linapokutana nayo wasimike nguzo za mawe. Nafasi kati ya nguzo ipimwe kwa baiskeli iliyobeba mikungu, pande zote mbili, maana vipini vya baiskeli za watalii ni vyembamba kuliko mzigo ule. Apimwe mwenye mikungu kwanza.

Kiangazi kikianza, mwezi wa Juni, nitapanda basi na baiskeli yangu kurudi Rubavu.

Wako kwa heshima,
Mwendesha baiskeli, Bukoba